Zizi Lililoifuata Redio

Katika kitongoji chetu, upande wa Ngulyati, redio wanasikiliza wengi, lakini mwenye kazi ya kuisikiliza ni mimi. Kazi hiyo nilipewa na kikundi chetu cha kufa na kuzikana, miaka ile redio ilipokuwa moja tu, yangu, niliyoinunua kwa pamba ya shamba nililolifyeka peke yangu. Saa moja na nusu asubuhi redio ya hapa mkoani inasoma matangazo ya vifo. Nikisikia marehemu mwenye ndugu kwetu, natoka na filimbi, naenda mpaka mlangoni kwa huyo ndugu, namwambia. Mpeleka habari kwetu haketi wala hanywi maji mpaka aseme mambo matatu: nani amefariki, wapi, na mazishi ni lini na saa ngapi. Akishasema, anapiga filimbi, watu wanaacha majembe na kuja.

Vijana wananiuliza, mzee, si kuna simu? Zipo. Simu inamwita mtu ambaye namba yake unayo. Sasa shangazi aliyeolewa mbali tangu enzi za baba zenu, nani ana namba yake? Na kwetu msiba usiosomwa redioni watu huuona kama umefichwa.

Nimesoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza, ng'ombe wa watu walikuwa wananingoja. Kwenye kikundi wapo waliosoma kunizidi mbali. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniandikia tangazo kwenye karatasi. Nalisikia mara moja, nalishika, nalifikisha. Hicho ndicho cheo nilichonacho duniani, na sikuwa tayari kukiachia.

Halafu masikio yakaanza kuondoka.

Najua yalikokwenda. Kabla sijapata ng'ombe wangu, niliendesha mashine ya kusaga hapo Bariadi mjini, injini ya dizeli kwenye chumba cha bati, asubuhi mpaka jioni, miaka mingi. Sikio la kushoto lilikufa kabisa. La kulia likabaki na nusu. Sikumwambia mtu. Mke wangu alijua, maana alianza kunigusa bega kabla ya kusema neno, lakini na yeye hakutangaza.

Redio ya betri ikawa hainifikii hata niikumbatie. Nikahamia kwenye redio iliyo ndani ya simu. Ile unachomeka waya wa masikioni, sauti inaingia moja kwa moja kwenye tundu la sikio, na hapo nusu yangu ilikuwa inatosha. Shida ni kwamba saa ya matangazo ndiyo saa ya kukamua. Nina ng'ombe watano wa maziwa na sikukubali kukaa kwenye kigoda kama mgonjwa ili nisikilize redio huku kazi imesimama. Kwa hiyo nilikamua na simu mfukoni, waya umepita shingoni.

Asubuhi ya kosa langu ilikuwa hivi. Likasomwa jina la mwanaume wa Lalago, kaka wa katibu wetu. Katibu ni mama mmoja mjane, mkali, mwenye daftari lisilopotea. Nikanyanyua shingo nisikie vizuri. Pale pale ng'ombe niliyekuwa namkamua akageuza kichwa, pembe ikanasa waya, waya ukachomoka na redio ikanyamaza. Nilipofanikiwa kuuchomeka tena, mtangazaji alikuwa anamalizia habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo.

Nani, nilikuwa nimesikia. Wapi, nimesikia. Lini na saa ngapi, sikusikia.

Ningesema hivyo, leo nisingekuwa na la kusimulia. Badala yake nilitembea kwenda kwa katibu huku nawaza. Nikajiambia, watu wa Lalago huwasubiri wa mbali. Marehemu ana watoto Geita, ana watoto Mwanza. Hawawezi kumzika leo. Nikafika mlangoni kwa yule mama, nikasimama, nikamwambia kaka yake amefariki, yuko Lalago, mazishi kesho saa nane mchana. Nilisema saa nane bila kigugumizi, kama mtu aliyeisikia.

Walimzika siku ile ile.

Kesho yake tulifika na masufuria yetu, na magunia ya kuni, tukakuta turubai linakunjwa. Katibu alishuka kwenye gari, akaenda mpaka kwenye ule udongo mbichi, akakaa chini. Hakulia kwa sauti. Wakati wa kurudi alikaa nyuma kabisa na kunipa mgongo.

Mimi nilisema mawimbi yalikatika. Nilisema mtangazaji alikosea. Nilisema yote isipokuwa lile lenyewe.

Kikao kilichofuata jirani yangu akasimama. Huyu ana duka la dawa za mifugo na pikapu moja, tumekua wote, tunataniana tangu tunachunga. Siku ile hakuwa anatania sana.

"Ngosha," akaniambia, kama wanaume wa kwetu tunavyoitana, "ulifanya kazi nzuri, lakini dunia imesogea. Tufungue grupu la simu. Msiba ukitokea, mtu anaandika, wote tunaona."

"Nani ataandika?"

"Yeyote atakayesikia."

"Yeyote ni nani? Ana nyumba wapi? Akikosea nitamfuata wapi?"

"Tutamfuata kama tulivyokufuata wewe," akasema, na watu wakacheka, wengine kwa kuinamisha vichwa.

Nikamuuliza ni wangapi mle ndani wenye simu ya kuonyesha hilo grupu. Mikono haikufika nusu. Wangapi wana bando leo? Ikabaki miwili, na mmoja ulikuwa wake. Katibu akagonga meza na kalamu. Akasema niachwe mpaka pamba iishe shambani, kisha atakuja mwenyewe kunipima. Hakunitazama wakati anasema.

Basi nikaamua. Kama adui ni waya, waya uondoke.

Nilipanda kwenda mjini siku ya pili yake, nikanunua hedifoni kubwa za bluetooth, zile zinazofunika sikio lote kama bakuli. Muuzaji alizijaribu kwa muziki, sauti ikaingia mpaka kwenye meno. Nikarudi nimefurahi. Asubuhi nikafungua redio ya simu bila waya, ikaniandikia maneno. Mke wangu akanisomea: chomeka waya wa masikioni kwanza.

"Mwambie sitaki waya," nikasema.

"Nimwambie nani, simu?"

Nilirudi mjini nimekasirika, moja kwa moja kwa fundi wa simu karibu na stendi. Ni mwanamke wa makamo, ana miwani iliyofungwa kwa uzi, meza yake imejaa simu zilizofumuliwa.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama. "Nimeibiwa."

"Mwangaluka, baba. Umeibiwa nini?"

Nikamweleza. Akachukua simu, akachukua hedifoni, akatabasamu kidogo.

"Hujaibiwa. Ule waya wewe ulidhani ni wa kusikilizia tu. Ndiyo antena yenyewe. Redio ya simu haina antena nyingine. Ukiutoa, itakamata kwa kutumia nini?"

Hapo nilijiona mjinga kweli, maana zamani nilitundika waya wa shaba kwenye paa kwa ajili ya redio yangu, nikijua kabisa unafanya nini.

"Kwa hiyo niuchomeke waya, halafu nivae hizi?"

Akauchomeka. Redio ikafunguka, lakini sauti ikatokea kwenye waya na si kwenye hedifoni. Akabonyeza huku na kule.

"Hii simu nyimbo inazituma kwenye bluetooth. Redio haitumi. Ndivyo ilivyotengenezwa."

"Itengeneze vingine."

"Baba, mimi nabadilisha vioo na tundu za chaji. Hilo limefungwa ndani."

"Zipo zinazotuma?"

"Zipo chache. Huwezi kuijua kwa sura."

"Basi tutazijaribu zote ulizo nazo," nikasema, nikavuta kiti.

Alidhani natania. Nilikaa pale mpaka jua likawa kichwani. Akimaliza mteja mmoja, namsukumia simu nyingine kutoka kwenye droo yake: chomeka, fungua redio, sikiliza. Hii inakataa, hii haina redio, hii redio ipo ila inakwaruza. Mwishoni akanipa simu ndogo, kitochi cha zamani cha vibonyezo, kinene, betri kama sabuni. Akabonyeza, na mtangazaji akaongea ndani ya kichwa changu bila waya wowote kunigusa. Waya ulikuwa mezani, umechomekwa kwenye kitochi. Mimi nilikuwa mlangoni.

Nikampa simu yangu ya kupangusa, nikachukua kitochi.

"Umetoa simu yenye picha za wajukuu?" mke wangu akanigusa bega, akauliza karibu na sikio.

"Wajukuu wapo. Wakija nitawaona."

Hakunijibu, na siku mbili hakunijibu jambo lolote. Alikuwa na haki. Sikuwa nimemuuliza.

Bado kazi haikuisha. Nyumba yetu iko bondeni, na kitochi hakikamati kwa nguvu kama simu niliyoitoa. Kitochi kikiwa mfukoni na waya wake umekunjwa, redio inakoroma tu. Waya ukinyooshwa juu, inasafika. Nikasimamisha nguzo ya mkaratusi uani, nikafunga kopo la mafuta ya kupikia mdomo chini ili umande usiingie, kitochi ndani ya kopo, waya nikaunyoosha kwenda juu kwa uzi wa katani. Redio ikawa inasoma kama iko chumba cha pili.

Nikavaa hedifoni, nikachukua ndoo, nikaenda zizini. Nilipofika hatua ya kumi na mbili, sauti ikakatika. Nikarudi moja, ikaja. Nikaenda upande wa jiko, hatua kumi na mbili. Upande wa barabara, hivyo hivyo. Zizi lilikuwa hatua thelathini kutoka kwenye nguzo, na nguzo sikuweza kuisogeza, maana zizini ni chini zaidi na redio haishiki kule.

Nilisimama nikatazama nguzo, nikatazama zizi. Kisha nikaenda kuchukua panga la kukatia miiba.

Mtu asiyefuga hataelewa nilichofanya. Zizi letu lilikuwa pale tangu nilipohamia, mbele ya nyumba, mahali ambapo mgeni akifika analiona kwanza. Kulisogeza ni kubomoa uzio wote wa miiba, kuchimbia mageti upya, na kuwafundisha ng'ombe wanaokuja wenyewe jioni kwamba kwao si kwao tena. Nilifanya kwa siku sita. Jirani yangu wa duka akasimamisha pikapu barabarani.

"Ngosha, unahama?"

"Sihami. Zizi ndilo linahama."

"Linakwenda wapi?"

"Kwenye redio."

Nikamweleza habari ya zile hatua. Alicheka mpaka akazima gari. Akapita dukani, na jioni kitongoji kizima kilijua kwamba mzee amefungwa kamba ya hatua kumi na mbili kama ndama.

Mke wangu naye alisimama mlango wa jiko siku ya tatu, mikono kiunoni.

"Kinyesi kitakuwa chini ya dirisha langu."

"Kitakuwa."

"Na nzi."

"Na nzi."

Akafikiri. "Pale zizi lilipokuwa ni pangu. Utanilimia, nipande mahindi na maboga yangu. Usiguse hata tunda."

Ardhi iliyolaliwa na ng'ombe miaka yote hiyo hakuna mbolea ya duka inayoifikia. Alikuwa amepiga hesabu yake vizuri. Nikakubali, na siku ile tukala tunaongea.

Pamba ilipoisha shambani, katibu alikuja kama alivyoahidi, saa moja na robo asubuhi, na daftari lake. Jirani wa duka alikuja naye. Walikaa sebuleni, simu ya jirani, waya wake umetundikwa dirishani, ikiwa wazi kwa sauti kubwa kwenye redio ile ile, yeye akiandika. Mimi nilikuwa zizini na ndoo katikati ya magoti, nimevaa mabakuli yangu.

Yalisomwa matangazo manne. Nilipomaliza ng'ombe wa pili nikaenda ndani, nikavua hedifoni, nikasimama. Katibu akanikaribia upande wa kulia. Sikujua kama alifanya kusudi.

"Sema."

Nikasema. Wa kwanza mama mzee wa Busega, mazishi leo saa tisa. Wa pili mwalimu, Itilima, kesho saa saba baada ya ibada. Wa tatu mtoto wa shule, Maswa, leo saa sita. Wa nne mzee, hapa hapa Bariadi, keshokutwa, wanamsubiri mwanawe, saa itatangazwa.

Katibu akamgeukia jirani. Jirani akasoma daftari. Wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Wa tatu akakwama, maana wakati unasomwa muda alikuwa bado anaandika ibada ya wa pili.

"Ngosha," nikamwambia, "kalamu imekuangusha."

Alikubali kwa kutikisa kichwa. Lakini mtu tuliyekua pamoja anajua pa kunipiga.

"Redio anaisikia," akamwambia katibu. "Sibishi. Ila mimi nilipita pale zizini, nimemsalimia mara tatu, niko nyuma yake, hedifoni hajavaa bado. Hakuitika hata moja. Huyu mtu ni kiziwi."

Mke wangu alikuwa mlangoni na vikombe vya chai. Hakuingia.

"Sikio la kushoto limekufa," nikasema. "La kulia lina nusu. Ni muda mrefu sasa."

Katibu akafunga daftari. Akaniuliza taratibu, lakini nililisikia kila neno, kwa sababu nilikuwa natazama mdomo wake.

"Siku ya kaka yangu, saa ya mazishi uliisikia?"

Ningeweza kusema mawimbi. Lilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Sikuisikia, mayu. Ng'ombe alichomoa waya. Kesho na saa nane niliziweka mwenyewe. Nilijaza."

"Ulijaza."

"Ndiyo."

Akatoka nje. Tulimwona akienda mpaka kwenye nguzo, akasimama pale anatazama lile kopo, muda mrefu kiasi kwamba chai ilipoa. Mimi sikuketi.

Aliporudi alianza na jirani. "La salamu lifute. Hatukumpa kazi ya kuitikia salamu."

Kisha akanigeukia, upande wa kulia tena.

"Mimi nilifika nikakuta udongo. Hilo sikusamehe leo, na usiniombe. Kazi utaendelea nayo kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kuhamisha zizi. Lakini siku utakayokosa neno, uje mlangoni kwa mwenye msiba useme, sikusikia. Tutaondoka bila saa. Ukijaza tena, hiyo filimbi utaileta kwangu mwenyewe, kwa mkono wako."

"Nimekubali."

"Sikukuuliza kama umekubali," akasema, akachukua daftari lake, akaondoka bila kunywa chai.

Haikupita wiki mbili. Nilikuwa namalizia ng'ombe wa mwisho, mtangazaji akasoma jina la mzee wa Shishiyu, baba mdogo wa mama mmoja kwetu anayeuza dagaa wa Lamadi. Jina nilikuwa nalijua. Nikaacha chuchu, nikatulia. Wakati huo huo ndama akasukuma geti na kutoka mbio kuelekea kwenye mahindi ya mke wangu, ya kumwagilia kwa ndoo, yaliyokuwa ndiyo kwanza yametoa majani. Mwili uliamua kabla yangu. Nilimkimbilia, nikamshika mkia, na nilipogundua kwamba kichwani mwangu kuko kimya nilikuwa nimeshavuka zile hatua kumi na mbili. Nikarudi. Mtangazaji alikuwa anasoma msiba mwingine.

Njia ya kwenda kwa yule mama ni fupi. Mambo mengi yaliingia kichwani kunisaidia. Mzee wa umri ule, ana ukoo mkubwa, ni Jumamosi, hawawezi kuzika leo. Au watazika leo kwa sababu kesho ni Jumapili. Yote mawili yalikuwa na sura ya kweli.

Nikasimama mlangoni. Alikuwa anapepeta dagaa kwenye ungo.

"Mayu, baba yako mdogo wa Shishiyu amefariki. Ndivyo redio ilivyosoma. Siku na saa ya mazishi sikusikia. Nilitoka nje ya redio, namfuata ndama."

Alisema kitu ambacho hakikunifikia. Niliona ungo unashuka chini, naye anafunga kanga kiunoni kwa mafundo mawili. Nikatoka barabarani, nikapiga filimbi mpaka mbavu zikauma.

Jirani wa duka alikuja anafunga vifungo vya shati.

"Lini? Saa ngapi?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui. Washa gari."

Alinitazama kidogo. Katibu alikuwa ameshapanda, amekaa mbele, mlango wazi, anatuita kwa mkono tuache maneno. Masufuria tuliyaacha yafuate na pikipiki. Tulipita Maswa bila kusimama hata kwa maji.

Shishiyu tuliwakuta wanaume wakichimba, kaburi limefika kiunoni. Mwili ulikuwa bado ndani ya nyumba. Yule mama wa dagaa alishuka kabla gari halijasimama vizuri, akaingia mlangoni, na nikaona wanawake wanasogea kumpisha afike kitandani. Kijana mmoja wa pale alitoka shimoni anahema, akaninyooshea jembe nimpokee. Nikavua koti, nikampa katibu ashike, nikashuka.